Debora, Bahari na Kopo la Mvua

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa wazima wote wawili ilikuwa Jumanne. Mke wangu Debora alipika uji wa uwele. Nikasema hauna chumvi. Akasema uji huu hautiwi chumvi, na miaka arobaini na mmoja nimekuwa nikisema hivyo hivyo. Nikanywa. Ulikuwa mzuri. Sikumwambia.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu nimeinyoosha. Mimi ni mrefu. Akasema, "Baba Yotham, kunja miguu, watu wanapita." Watu ni yeye. Akairuka.

Ilikuwa karibu saa tatu. Saa tatu kamili asubuhi, kila siku ya Mungu, Debora alikwenda kwenye kopo. Ni kopo la kupimia mvua. Limesimikwa katikati ya uwanja wetu, limezungushiwa miiba ili mbuzi wasinywe mali ya serikali. Akachungulia. Kavu. Akarudi, akachukua daftari, akaandika sifuri. Akaituma kwa kitochi chake, kisimu kidogo cha tochi, kwa watu wa hali ya hewa, Dodoma mjini.

"Unaandika nini na hakuna kitu?" nikamuuliza.

"Naandika kwamba nimekwenda kuangalia."

Ilikuwa sifuri ya ishirini na tatu mfululizo. Na zilibaki siku tano kijiji kije kuling'oa lile kopo. Nitaeleza.

Ugonjwa sitauandika sana. Ulianza jioni ile ile na ulikuwa wa siku nne. Haustahili nafasi kubwa mbele ya miaka arobaini na mmoja.

Debora alizaliwa hapa hapa upande wa Haneti. Alisoma mpaka darasa la nne. Mimi sikusoma. Herufi alinifundisha yeye kwa daftari la mvua, ndiyo maana mpaka leo naandika Januari vizuri kuliko jina langu.

Kopo lilikuja miaka kumi na tisa iliyopita. Watu wa hali ya hewa walitafuta uwanja usio na mti karibu. Kwa Cornel, mwenyekiti wetu wa kitongoji, palikuwa na mjohoro mkubwa. Kwetu nako ulikuwepo, lakini Debora alikuwa ameukata mwezi mmoja kabla, kwa hasira, baada ya kunikuta nimelala kivulini siku ya palizi. Kwa hiyo kopo likaja kwetu. Na mimi nimechangia.

Wakamuuliza kama ataweza kusoma kila siku bila kukosa. Akauliza atapewa nini. Wakasema daftari, kalamu na mwavuli. Mwaka ule hapakuwa na mvua ya kufungulia mwavuli. Akawa anaufungua akienda kanisani, juani, taratibu, akipita mbele ya nyumba ya Cornel. Cornel hakusahau kwamba mti ulimkosesha mwavuli.

Kazi yenyewe iko hivi. Ikinyesha, unamimina maji ya kopo kwenye bilauri ndefu yenye mistari. Unaiweka juu ya jiwe bapa. Unapiga magoti mpaka jicho liwe sawa na maji, ndipo unasoma. Debora alipiga magoti kwenye tope miaka kumi na tisa. Mimi nilisoma mara moja tu, siku aliyokuwa na homa. Nilisoma nimesimama. Mwanamume mzima kupiga magoti mbele ya bilauri, niliona haipendezi. Nikaona kumi na mbili. Akatoka amejifunga blanketi, akapiga magoti, akaona tisa. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Ni safari ndefu.

"Urefu wako umeongeza mvua," akasema.

Sikuigusa tena ile bilauri.

Hakukosa siku. Mtoto wetu Yotham, mwenye duka kule Chang'ombe ya Dodoma, alipooa, harusi ilikuwa mjini, saa nne. Debora alisubiri saa tatu, akasoma, akaandika, ndipo akapanda gari. Alifika kanisani Yotham ameshakuwa mume wa mtu. Bibi harusi akamuuliza kama barabara ilikuwa mbaya. Akasema, "Hapana mwanangu. Ilinyesha milimita nne."

Sasa habari ya bahari.

Mwaka jana mwezi wa kumi, wasoma mvua waliitwa ofisi ya kata. Kijana wa hali ya hewa anaitwa Masudi, mtu wa Kondoa, akawaeleza msimu unaokuja. Debora alirudi kimya. Debora akiwa kimya, kuna jambo.

"Mvua yetu inaamuliwa baharini," akasema.

"Bahari ipi?"

"Ile ya Dar es Salaam. Mpaka India na kupita."

Hatujawahi kuiona bahari, mimi wala yeye. Nilimwuliza kama bahari inajua kwamba Haneti ipo. Akasema kalale.

Kesho yake majirani wakaja kuuliza msimu. Debora akapanga mafiga mahali pawili uwanjani, mbalimbali, juu yake sufuria mbili za maji. Akasema hii ya karibu na mlango ni bahari ya upande wetu. Ile kule kwenye zizi ni bahari ya mbali, kwenye visiwa vya mashariki. Akawasha moto chini ya ya kwetu tu. Mvuke ukapanda.

"Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya kule," akasema, "hewa inapanda huku. Upepo unavutwa kuja huku na unyevu wake, na mawingu yanajengeka huku. Yakipoa ya kwetu na kupata joto ya kule, mvua inanyesha kule kule kwa wenyewe. Sisi tunabaki na vumbi."

Cornel akauliza, "Mwaka huu inachemka ipi?"

"Ya kwetu. Lakini siyo sana. Vuguvugu la kunawia mikono."

"Na nani anaichochea? Kama ni watu wa Dar es Salaam, si tuwapigie simu waongeze kuni?"

Watu wakacheka. Debora alingoja wamalize.

"Jua linaichochea, na upepo nao una mkono wake. Upepo ukisukuma maji ya juu, ya chini yanapanda na baridi yake. Maji yakibadilika joto, yanaugeuza upepo. Upepo ukigeuka, unayasukuma maji vingine tena."

Jirani yetu Germana akauliza, "Sasa hapo nani alianza?"

"Mimi na Baba Yotham tukigombana, nani huwa ameanza?"

Wanawake wakaelewa mara moja. Wanaume tulielewa baadaye kidogo.

Akawaonya pia. Masudi alisema pwani na kaskazini joto la bahari linaonekana wazi. Sisi tuko katikati ya nchi. Bahari inatufikia kama salamu iliyopita kwa watu wengi. "Wastani, au juu kidogo," akasema, "na inaweza kukatika katikati." Watu wakaondoka na "juu". "Kidogo" na "kukatika" waliviacha pale uwanjani.

Desemba ikanyesha vizuri. Tukapanda mtama na uwele. Cornel akapanda mahindi, ekari nne, kwa ajili ya ile "juu". Januari ilipofika katikati, mvua ikakata. Wiki moja. Mahindi ya Cornel yakajisokota kama sigara. Wiki ya pili.

Debora akampigia Masudi. Masudi akasema kuna kimbunga baharini, upande wa Msumbiji na Madagaska, kinavuta hewa yenye unyevu kwenda kwake. Debora akatoka nje akawaambia wanawake kisimani, "Kuna mwizi baharini. Anavuta mvua yetu."

Hapo alikosea. Alitaka waelewe, na kweli wakaelewa. Wakauliza mwizi alijuaje kama tuna mvua. Wakafikiri. Njiani kurudi wakalitazama kopo.

Wazee wetu hawakuhesabu ng'ombe kwa kidole wala kwa sauti. Ng'ombe aliyehesabiwa ana njia yake ya kupungua. Na hapa yupo mwanamke anayeihesabu mvua kila asubuhi, kisha anatuma hesabu kwa simu. Huko inakofika nani anaijua? Kama mimi ndiye mwizi, ningeomba nini zaidi? Hata mimi nilipolifikiria vizuri niliona lina maana. Sikumwambia.

Cornel akaja, akasalimu kwa Kigogo. "Mbukwenyi, Mama Yotham. Mimi sina neno. Ni wananchi wanataka kopo ling'oke."

"Wananchi wangapi?"

"Wengi."

"Umewahesabu?"

Cornel akaondoka.

Ikaamuliwa kwanza wanawake wautoe upepo mbaya unaozuia mvua. Hii ni mila yetu ya zamani, ilikuwa haijafanywa miaka mingi. Wanawake wanavaa nguo za wanaume, wanashika fimbo na mikuki, wanaswaga ng'ombe kwa kelele kwenda magharibi na kuutupa upepo mbaya huko. Wanaume tunabaki nyumbani, kimya. Mchungaji alisema hakuona kitu. Alikuwa dirishani.

Wakamwambia Debora kama yeye hana ubaya na mvua, basi atangulie mbele. Akakubali kwa sharti moja, arudi kabla ya saa tatu.

Akavaa suti yangu ya kanisani. Suruali aliikunja mara nne. Nilikuwa na suruali nyingine moja, nayo Germana akaja kuiazima kwa sababu mume wake ni mfupi na mwembamba. Nikabaki ndani na shuka.

Siku hiyo hiyo ndiyo Masudi alikuja na pikipiki kukagua kopo. Hakuna aliyemwambia. Alikuta kijiji kimejaa wanaume waliojificha. Saa tatu kasoro dakika tano likatokea vumbi upande wa magharibi, na mbele ya vumbi mtu wa suti, kofia mpaka kwenye nyusi, mkuki mkononi, anakimbia kuelekea kwenye kopo.

Masudi ni kijana mwenye adabu. Akavua kofia yake ngumu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema Debora. "Mzee yuko ndani. Hana suruali."

Akachomeka mkuki ardhini, akapiga magoti na suruali yangu ya kanisani, akachungulia kopo.

"Sifuri," akamwambia. "Andika, wewe umesimama tu."

Mchana tukakutana kwenye ghala la mtama. Mtama haukuwemo, kwa hiyo tulienea. Nilirudishiwa suruali. Magotini ilikuwa na udongo, na ule udongo mpaka leo upo.

Cornel akasema, "Hatumfukuzi mtu. Tuling'oe kopo wiki mbili tu, tuone."

Masudi akasimama. Akasema kumbukumbu za miaka kumi na tisa zikikatika haziungiki. Akasema wanaotazama bahari wana vyombo vikubwa, lakini hakuna chombo kitakachowaambia kama mvua iliyoahidiwa na bahari imefika uwanjani kwa Mama Yotham. Mpaka Mama Yotham aseme. Bila yeye wanabahatisha.

"Na wakiwa naye?" mtu akauliza nyuma.

Masudi akafikiri. "Wanabahatisha vizuri zaidi."

Nilimpenda kijana yule tangu siku ile.

Kisha Debora akasimama na madaftari yake kwenye kanga. Akafungua moja.

"Mwaka ule maji yalipobeba choo cha mwenyekiti, mnaukumbuka?"

Tunaukumbuka. Choo kilipita hapa kimesimama wima.

"Bahari ya kwetu ilikuwa na joto sana mwaka ule. Kopo lilikuwa pale pale lilipo. Mimi nilihesabu kila siku, na simu nilituma. Milimita tisini na moja, siku moja. Mwizi alikuwa wapi?" Akafungua jingine. "Mwaka tuliokula mlenda mpaka watoto wakaukimbia. Kopo pale pale. Mimi yule yule. Sifuri, sifuri, tatu, sifuri. Kama kopo linaleta, limeleta vyote. Kama linafukuza, limefukuza vyote. Nionyesheni ukurasa ambao kopo lilisogea."

Germana akasema, "Mwenyekiti, kile choo kiliandikwa?"

"Choo hakikuandikwa," akasema Debora. "Hakina mistari."

Ghala lote likacheka, lakini Cornel hakucheka. Ekari nne za mahindi siyo jambo la kuchekesha, nami nilimwona usoni. Wakakubaliana hivi: kopo likae mpaka Jumapili ya wiki inayofuata. Isiponyesha, linang'olewa.

Debora hakulalamika. Ila tangu siku hiyo, akimaliza kuandika sifuri, alikaa kidogo na kalamu mkononi akitazama upande wa mashariki. Niliuliza anatazama nini. Akasema, "Nataka tu nijue wale wawili wamefikia wapi." Bahari na upepo. Aliwazungumzia kama mtu na mke wake wanaogombana nyumba ya jirani.

Ndiyo tukafika ile Jumanne. Uji, miguu, sifuri.

Jumatano asubuhi Yotham akaja na gari kumchukua kwenda hospitali mjini. Mimi nikawa na fimbo yangu tayari mlangoni. Debora akasema, "Wewe unakwenda wapi? Saa tatu bado." Nikasema kopo libaki leo. Akanitazama tu. Nikaweka fimbo chini.

Gari lilipowaka akateremsha kioo, akaniambia neno. Nikacheka, na Yotham akacheka. Neno hilo nimeliweka mwishoni, maana wakati ule sikulielewa kama ninavyolielewa sasa.

Jumatano nikasoma sifuri, nikapanda gari kumfuata. Nilifika mchana.

"Ngapi?" akaniuliza. Hata salamu hakunipa.

"Sifuri."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Vizuri. Rudi."

Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa hivyo hivyo, ila alisema kwa sauti ndogo, na hakusema nirudi. Nilirudi mwenyewe. Jumamosi nilifika na sifuri yangu, hakuwepo wa kumpa.

Tulimzika Jumapili. Ndiyo ile Jumapili ya kopo. Uwanja ulijaa watu. Waliokaa karibu na kopo walilizunguka kwa heshima, na mama mmoja alilifunika kwa kanga. Saa tatu ilikuwa imeshapita, nilikuwa nimeshasoma, nikaiacha kanga mpaka jioni. Baada ya mazishi Cornel akasimama kutoa matangazo. Akasema chakula kipo, maji yapo, wageni wa mbali watalala kwa Germana. Kisha akakohoa. "Na kile kikao kingine cha leo kimeahirishwa kwa sababu ya msiba." Akakaa upesi. Mpaka leo hakijaitishwa.

Jumatatu sifuri. Jumanne sifuri. Watu wa matanga walinitazama nikienda na kurudi.

Jumatano alfajiri ikaanza. Siyo manyunyu. Mvua yenyewe, kwenye bati, mpaka watu wakawa wanasemezana kwa mikono. Saa tatu ilikuwa bado inanyesha. Nikatoka. Nikasikia kitu kimefunguka juu ya kichwa changu. Ni mwavuli wa Debora, na anayeushika ni Cornel. Miaka kumi na tisa aliutamani, sasa ameupata, na ameushika juu ya mtu mwingine, yeye analoa. Alikuwa analia pia, lakini kwenye mvua mtu ana siri yake.

Nikamimina maji kwenye bilauri. Nikaiweka juu ya jiwe. Nikatazama.

"Ngapi?" Cornel akauliza.

"Ishirini na moja."

Akageuka akapiga kelele kwa walio barazani, "Ishirini na moja!" Wanawake wakapiga vigelegele, kisha wakakumbuka ni msiba, wakanyamaza.

Nikabaki nimesimama. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikalikumbuka lile neno la dirishani. Nikaweka kalamu mfukoni, nikashika bega la Cornel, nikashuka. Goti moja, halafu jingine. Yote mawili yalilia kama mlango wa zamani. Suruali ilikuwa ile ya kanisani. Udongo mpya ukakaa juu ya udongo wake.

"Kumi na nane," nikasema.

"Imepungua?" Cornel akashtuka.

"Haijapungua. Nimepungua mimi."

Nikaandika kumi na nane. Nikaituma kwa kitochi chake. Masudi akapiga dakika ile ile. Akanipa pole, akaniambia kile kimbunga kimeingia nchi kavu kikafa, na upepo wa baharini umerudi njia yetu. Watu wa matanga wao wakasema Debora amefika kwa bahari mwenyewe na kusema naye. Mimi sina upande. Sikuwepo baharini. Mtama wetu ulisimama. Mahindi ya Cornel, ekari moja ilisimama, tatu wamekula ng'ombe. Anakuja kila saa tatu kuuliza ngapi.

Uji napika mwenyewe. Nimejaribu kutia chumvi. Hautiwi chumvi.

Sasa lile neno. Alikuwa ameegemea kioo, kanga ya kijani kichwani, gari limeshaanza kwenda. Alisema hivi, sikuongeza wala sikupunguza:

"Baba Yotham, ikinyesha upige magoti. Usije ukasimama kama nguzo ya umeme ukaidanganya serikali."